Mja Mzito, Watoto wa Shule na Maradhi: Mzigo ni wa Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, wengi katika nyinyi mlioko Tanga, Bagamoyo, Mombasa, Lamu na Unguja mna mabinti na jamaa walioolewa bara au waliofuata biashara huko, na baadhi yao wamefika mkoa wa Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Wako Musoma, mji ulio kando ya ziwa. Wako Bunda, katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda mpakani Sirari. Wako Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere. Nitakayoyasema leo yawahusu wao, na yawahusu nyinyi pia, kwani ujinga hauna mpaka wa mkoa.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania, shule zilifungwa. Kidato cha sita na vyuo vikarejea tarehe 1 Juni, na shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Siku hiyo zilikuwako nyumba nyingi zenye mama mwenye mimba ya miezi saba, minane, hata tisa, na zenye watoto wakubwa wa darasa la tano, la saba au kidato cha pili. Watoto hao walitakiwa wakakae darasani bega kwa bega na wenzao, kisha jioni warudi kulala nyumba moja na mama yao. Chanjo haikuwapo bado. Wala habari za maradhi hazikuwapo, kwani hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka haikutangazwa nyingine.

Basi mama huyu akauliza: niwapeleke watoto shule au niwazuie? Na badala ya kujibiwa kwa ilimu, akajibiwa na makundi mawili. Kundi la kwanza lilimwambia: wapeleke, wala usijishughulishe na maji, sabuni wala barakoa, kwani hayo ni kukosa tawakuli. Kundi la pili likamwambia: wavulana na waende, lakini msichana mkubwa abaki akutumikie mpaka utoke arubaini. Nami nasema, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi, makundi yote mawili yalikosea, na yote mawili yaliusukuma mzigo kwa asiyestahili kuubeba.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha, ya nini kuyafufua? Jawabu yetu ni kwamba maradhi hayajatuaga. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, mkoani Kagera, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Machi 2023, na ukatangazwa tena Januari 2025. Kipindupindu nacho ni mgeni aliyezoea kurudi. Kila maradhi yakirudi, mama mja mzito atauliza swali lile lile, na makundi yale yale yatamjibu. Afadhali tulijibu sasa, nyoyo zikiwa zimetulia.

Hatari yenyewe

Kwanza tufahamu tunachokiogopa, kwani mwenye kuogopa asichokijua hukimbilia shimoni. Mimba ikifika miezi ya mwisho, tumbo hupanda na kusukuma kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mama huhema kwa shida hata akiwa mzima. Anahitaji hewa zaidi kwa sababu anahemea wawili, na nafasi ya mapafu imepungua. Kwa hiyo maradhi ya kifua humkamata vibaya zaidi kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Waganga walikwisha kuthibitisha kwamba mja mzito akiugua korona huwa karibu zaidi na kulazwa na kuhitaji msaada wa kupumua, na mtoto wake huwa karibu zaidi na kuzaliwa kabla ya wakati. Haya si maneno ya kutisha watu. Ni maumbile ya Mwenyezi Mungu yanavyokwenda.

Na mtoto wa shule, je? Yeye mara nyingi huugua kidogo, hukohoa siku mbili, kisha hucheza. Lakini aweza kuyaleta maradhi nyumbani bila ya kujua. Basi hofu ya mama huyo haikuwa upungufu wa imani wala deko la wanawake. Ilikuwa hofu yenye sababu, na sharia yetu huiheshimu hofu yenye sababu.

Shubha ya kwanza: kujikinga ni kukosa tawakuli

Wasema hawa: ajali imekwisha kuandikwa, mwenye kufa atakufa, barakoa ya nini? Maneno haya husemwa kwa sauti kubwa, na wenye kuyasema hudhani wameitetea dini, kumbe wameipinga.

Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, na waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Mwaka wa 18 wa Hijra tauni ilipozuka Sham, Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari, akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurejea Madina. Sayyidna Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Sayyidna Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawapa ile Hadithi, na Sayyidna Umar akamshukuru Mola wake. Je, wewe mwenye duka la dagaa pale Musoma, una tawakuli kuliko Umar bin Khattab?

Na mkitaka mfano wa mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, mtazameni Ibn Hajar al-Asqalani, yule yule aliyeisherehesha Sahihi ya Bukhari. Aliandika kitabu kizima juu ya tauni, naye alikuwa akiandika juu ya msiba wake mwenyewe. Mabinti zake watatu walikufa kwa tauni, na mmoja wao, Zayn Khatun, alikufa mwaka 833 wa Hijra akiwa mja mzito. Mwaka huo huo, asimulia, tauni ilipoingia Misri, watu wa Kairo walifunga siku tatu kisha wakatoka jangwani kwa wingi kuomba dua kwa mkusanyiko. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arubaini. Baada ya mkusanyiko ule, mwezi haukwisha ila wafao kwa siku walizidi elfu. Ibn Hajar hakuikataza dua, na nani awezaye kuikataza? Alichokikataa ni kuifanya dua kuwa sababu ya kusongamana wakati wa maradhi.

Mwaka 2020 wenyewe, Haji ilifanywa na watu wapatao elfu moja tu, badala ya mamilioni. Ikiwa Nyumba Tukufu ya Makka ilipunguziwa wageni kwa kuogopa roho za watu, nini kilichoizuia harusi ya Bunda isipunguziwe wageni? Na kwa nini mtoto aambiwe kwamba kunawa mikono chini ya kibuyu chirizi kabla ya kumkaribia mama yake ni ukafiri wa kizungu, hali dini yake imemfundisha kutawadha mara tano kwa siku?

Shubha ya pili: msichana abaki, wavulana waende

Hapa ndipo penye dhuluma iliyovaa kanzu ya huruma. Baba asema: namwogopea mke wangu, kwa hiyo binti yangu wa darasa la saba hatakwenda shule. Nasi twamuuliza: na mwanao wa kiume wa kidato cha pili? Ajibu: yeye ataendelea, ana mitihani.

Ewe baba mwenye akili! Ikiwa sababu ni maradhi, mvulana hapumui? Darasa lake halina wenzake wakohoao? Akirudi jioni halali chini ya paa lile lile? Kama maradhi hayachagui kati ya mwana wa kiume na wa kike, na wewe umechagua, basi si maradhi yaliyokufanya uchague. Kilichomtoa binti yako shuleni ni ndoo. Ni maji ya kuchota, kuni za kuokota, nguo za kufua, na mdogo wao wa kubeba mgongoni. Mkeo hawezi tena kwa tumbo lake, nawe umetafuta mikono ya kufanya kazi hizo, ukaiona ya binti, hukuiona yako.

Na hayo si makubwa, mtu atasema, ni miezi miwili tu. Waulizeni walimu wa Butiama na Bunda: msichana aliyeachishwa miezi miwili hurudi wangapi? Akiwa nyumbani, wazee humtazama kwa jicho jingine. Mara ni mkoa ambao uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu amekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kwa wasichana wengi wa huko shule si darasa tu, ni mahali ambapo mwalimu atauliza "Fulani yuko wapi leo?" Ukimwondoa shuleni, umemwondolea mtu wa kuuliza. Umemkinga mama na hatari moja, ukamtupa binti katika nyingine, kisha ukajiita mwenye huruma.

Kutafuta ilimu ni faradhi kwa Mwislamu, na maulamaa wameieleza faradhi hiyo kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Na Mtume (S.A.W.) amewabashiria Pepo wenye kuwalea mabinti zao kwa wema. Hakuwabashiria wenye kuwafanya mabinti akiba ya wafanyakazi.

Shubha ya tatu: akifa na mimba, ni shahidi

Hili hulisemwa kwa upole, msibani, na ndilo lenye kuniudhi kuliko yote. Ni kweli Hadithi imekuja kwamba mwanamke afaye kwa ajili ya uzazi ni katika mashahidi, na afaye kwa tauni vilevile. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwake. Lakini ushahidi huo ni thawabu yake yeye, si hati ya kukusamehe wewe uliyemwacha achote maji mwezi wa tisa, uliyekohoa chumbani mwake, uliyemnyima nauli ya kwenda kliniki. Mwenye kuzama ni shahidi pia. Je, yafaa tuwatoboe watu mitumbwi yao ziwani?

Tazameni jinsi sharia ilivyomlinda mja mzito. Saumu ya Ramadhani ni nguzo ya dini, na mja mzito akijiogopea nafsi yake au mtoto wake, ameruhusiwa kula akalipa baadaye. Mke aliyeachwa akiwa na mimba, mume aliyemwacha amewajibishwa nafaka yake mpaka ajifungue. Na yule mwanamke wa Ghamid aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka asimamishiwe adhabu, alirudishwa mpaka azae, kisha mpaka amwachishe mtoto ziwa. Zingatia, ndugu yangu: sharia imeahirisha nguzo, na imeahirisha hukumu, kwa ajili ya kilichomo tumboni. Wewe umeshindwa kuahirisha baraza yako ya jioni?

Maradhi huingia kwa mlango gani?

Katika maneno yote ya mwaka ule, mtoto wa shule ndiye aliyetiliwa shaka, na mama ndiye aliyelaumiwa kwa kumpeleka. Wachache walimtazama baba. Lakini Bunda ni mji wa barabara kuu, na magari ya mizigo hupita kutwa kwenda na kutoka Kenya. Mei 2020 mambo yalikuwa mazito hata Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, isipokuwa magari ya mizigo, kwa ajili ya maradhi hayo. Musoma nayo ina mialo yake ya samaki, ambako watu husongamana alfajiri kupima na kubishana bei. Nani huenda huko? Nani huketi kwenye kahawa, hupanda daladala, huhudhuria mazishi na harusi, hupeana mikono na watu mia kwa siku? Ni baba. Kisha hurudi nyumbani, hulala kitanda kimoja na mja mzito, na asubuhi huuliza kama watoto si hatari kwake!

Basi mwenye kutaka kumkinga mkewe na aanze na nafsi yake.

Lifaalo kufanywa

Mtu asije akasema sheikh amelaumu tu wala hakuelekeza. Rai yetu ni hii.

Maadamu shule zimefunguliwa, na hakuna ugonjwa uliojulikana katika shule hiyo, watoto wote waende, wa kike na wa kiume. Kuzifunga shule ni kazi ya wenye kuona hali ya nchi nzima, si ya jirani mwenye uvumi. Na wenye kuona wajibu wao ni kusema, kwani mama hawezi kupima hatari aliyofichwa. Dini ni kupeana nasaha, na kuficha idadi ya wagonjwa si nasaha.

Mtoto akirudi, anawe kwa sabuni, abadilishe nguo, aketi barazani penye hewa. Mama apewe chumba chenye dirisha, na dirisha lifunguliwe. Maradhi ya kifua hupenda chumba kilichofungwa. Mwenye kukohoa katika nyumba avae barakoa au alale kando, awe mtoto, awe baba. Ikisikika kuwa darasani kuna mgonjwa, watoto wa darasa hilo wabaki nyumbani mpaka siku za hatari zipite, wavulana kwa wasichana, kisha warejee wote pamoja.

Kazi za nyumba zigawanywe. Bibi Aisha (R.A.) ameulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akaeleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, mpaka ukifika wakati wa sala hutoka. Mbora wa viumbe alishona kiatu chake kwa mkono wake. Nani wewe hata ndoo ya maji ikuvunjie heshima?

Mama asiache kliniki kwa kuogopa maradhi. Kuzaa nyumbani bila ya mkunga mwenye ilimu, na damu ikatoka usiku hali gari hakuna, ni hatari ya yakini inayochukuliwa ili kukimbia hatari ya shaka. Na ikiwapo chanjo, kama ilivyoanza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021, aulizwe mganga wa kliniki, wasiulizwe wapita njia.

Na nyinyi mama zetu wa pwani, mna ada nzuri ya kumfuata binti kwa ajili ya uzazi, kumkanda na kumlea arubaini yake. Siku za salama ifanyeni, na Mwenyezi Mungu atawalipa. Lakini siku za maradhi, safari ya basi ya kutwa na zaidi mpaka Musoma, kisha kuingia moja kwa moja chumbani kwa mzazi, yaweza kumpelekea zawadi asiyoitaka. Na mtu mzima mwenyewe ndiye wa kwanza kuugua. Tumeni nauli hiyo alipwe jirani mwema amchotee maji. Hiyo ni sadaka, na ni kuunga jamaa.

Ama maimamu wenzangu na walimu wa madrasa, hotuba ya Ijumaa dakika ishirini ni nyingi. Dakika tano katika hizo zatosha kuwaambia waume kwamba kumkinga mja mzito ni ibada, na kwamba binti aliyeachishwa shule kwa kisingizio cha maradhi ni amana iliyovunjwa. Na madrasa zetu nazo zifunguliwe madirisha, watoto wasibanwe ukutani kama dagaa kapuni, kisha tukailaumu shule ya serikali.

Ndugu msomaji, siku ya Kiyama mama hataulizwa peke yake kwa nini aliwapeleka watoto shule. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mume ni mchunga nyumbani mwake. Ataulizwa juu ya mkewe, juu ya kilichokuwamo tumboni, na juu ya binti aliyeketi jikoni akiwatazama kaka zake wakienda na madaftari yao. Basi tutengeneze jawabu yetu tungali hai, kwani huko hakuna wa kusukumiwa mzigo.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awape waja wazito uzazi wa salama, na awape watoto wetu ilimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.